Povu Kwenye Kioo cha Maabara

Jumatatu asubuhi, dobi alikuwa akikunja mashuka ya nyumba ya wageni. Pini iliyosahaulika kwenye pindo ikamchoma kiganjani. Akapangusa damu kwenye gauni, akaendelea na kazi.

Jumatano kiganja kilikuwa kimevimba na kutunga usaha, hata kumsuka binti yake akashindwa. Dobi akachukua dawa ya kung'arishia mashuka, akaimimina kwenye kidonda bila hata kuichanganya na maji.

"Mke wangu, hiyo ni ya mashuka!" mumewe, fundi viatu, alimaka.

"Inatoa madoa ya wageni wote wale. Itashindwa na kitundu cha pini?" dobi alijibu, huku akiuma meno kwa maumivu.

Alhamisi homa ilimlaza. Mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Fundi viatu aliuona. Akafunga kibanda chake.

"Leo hakuna ubishi. Twende zetu."

Kwenye kituo cha afya, daktari alipasua jipu, akatoa usaha, akapeleka kidogo maabara. Dobi alichomwa sindano, akapewa vidonge vya siku kumi.

Jumamosi alirudi kusafishwa kidonda. Homa ilikuwa imekwisha, na ule mstari ulikuwa umefifia.

"Nimepona," alimwambia mumewe kwenye benchi. "Vidonge naviacha. Vinanivuruga tumbo."

Jirani yao alikuwa akipita, akasikia. Alikuwa mama mcheshi aliyefanya kazi maabara pale kituoni, na mtaani walimwita Mama Darubini.

"Shoga, hebu njoo uwaone wageni wako," alisema, akawaongoza wote wawili hadi maabara. "Simama hapo mlangoni, usiguse kitu."

Akavaa glavu. Akaonyesha kisahani chenye vidoa vya rangi ya dhahabu.

"Hawa ni bakteria tuliowakuza kutoka kwenye usaha wako."

Akapaka kidogo kwenye kioo, akadondoshea tone la maji yasiyo na rangi. Papo hapo povu likafoka.

"Makubwa! Mbona yanachemka?"

"Tone hili ni sumu kwa vijidudu. Chembe nyeupe za damu, walinzi wa mwili wako, hutengeneza sumu kama hii. Zikimmeza bakteria, humrushia. Hutengeneza hata nyingine inayofanana na ile dawa yako ya mashuka."

"Kumbe mwilini nako kuna dobi!"

"Tena hodari! Lakini bakteria hawa nao si wajinga. Wana kitu kinachovunja sumu hii, inabaki maji na hewa tu. Hewa hiyo ndiyo povu unaloliona. Na hiyo rangi ya dhahabu nayo huwakinga."

Dobi akakitazama kiganja chake. "Basi walinzi wangu wameshindwa?"

"Hawajashindwa, walielemewa. Vidonge vinawasaidia. Ukiacha leo, bakteria waliobaki watazaana upya, na safari ijayo dawa huenda isiwaweze. Kula kwanza, ndipo umeze. Tumbo likizidi kusumbua, mwambie daktari. Usiamue peke yako."

"Na ile niliyomimina?"

"Uliunguza nyama yako na walinzi wako pamoja. Kidonda kipya kioshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, ukifunike kwa kitambaa safi. Ukiona uvimbe unaongezeka, usaha, homa au mstari mwekundu, mbio kituoni."

"Ningekatwa mkono?"

"Ungeweza kupoteza hata uhai. Lakini umewahi, shoga yangu. Umewahi."

Dobi alishusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Fundi viatu akacheka na kulia kwa pamoja, bila kujali nani anamtazama.

Tangu hapo fundi akawa mnyapara wa vidonge. "Umekula? Umemeza? Fungua mdomo nione!" Dobi alimwita askari jela, lakini alimeza hadi kidonge cha mwisho.

Siku dozi ilipokwisha, daktari alimwambia akunje ngumi. Vidole vikakunjika bila maumivu. Kidonda kilikuwa kimefunga.

Jioni ile alimketisha binti yake miguuni pake, akachukua kitana. Akamsuka kichwa kizima, kwa vidole vyote kumi.