Barua Kutoka Rungwe

"Soma basi, mwanangu. Mbona umenyamaza?"

Zipora alikuwa ameishika ile barua kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuufikia mstari wa mwisho. Mbele yake alikaa Mzee Bartholomeo, shemasi wa kanisa dogo la Kibatisti pale Kalangalala. Macho ya mzee yalikuwa yameliwa na vumbi la migodi ya Rhodesia, ndiko alikobatizwa na ndiko alikojifunza useremala. Barua zote za kanisa alisomewa na Zipora. Pembeni alisimama Mama Euphrasia, mjane muuza vitumbua. Hakuna aliyemwita, lakini Mama Euphrasia tangu lini akangoja kuitwa?

Barua ilisema hivi:

"Ndugu zetu wa Kalangalala, salamu katika Bwana. Mmetuuliza habari za Pantaleo. Twamfahamu. Alikuwa mpishi nyumbani kwa mchungaji wetu kwa miaka miwili, na kazi yake ilikuwa safi. Lakini hakubatizwa hapa, wala jina lake halimo katika orodha ya washirika. Hatuwezi kumwandikia barua ya kumhamisha mtu ambaye hakuwa wetu."

Lakini Zipora alisoma kwa sauti maneno mengine:

"Ndugu zetu wa Kalangalala, salamu katika Bwana. Mmetuuliza habari za Pantaleo. Twamfahamu. Alibatizwa hapa mwaka wa hamsini na saba, katika mto Kiwira. Ni mshirika mwema. Mpokeeni."

"Bwana asifiwe," akasema Mzee Bartholomeo. "Kesho basi mambo yatakwenda vizuri."

"Barua yenyewe imejaa mpaka chini," akasema Mama Euphrasia taratibu. "Maneno mbona machache hivyo?"

"Mwandiko wake ni mkubwa, mama."

"Haya."

Hiyo "haya" Zipora hakuipenda. Aliikunja barua, akaitia ndani ya Biblia yake, akatoka nje.

Sasa msikilizaji asije akamwona huyu binti ni mwongo wa kuzaliwa. La. Alimpenda Pantaleo, tuseme kweli, alimpenda mpaka akawa anahesabu milio ya king'ora cha mgodi ajue zamu yake inatoka lini. Pantaleo alikuwa kijana wa Rungwe, kazi yake kupaka mafuta mashine za kusaga mawe mgodini. Mwaka ule wa hamsini na tisa hakuwa na shangazi wala mjomba katika nchi yote ya Usukuma. Lakini alijua mafundisho. Wiki ile ile aliyofika alipewa kufundisha darasa la ubatizo, na watu walisema hawajapata kusikia mtu akiyafafanua namna ile: kwamba mtoto mchanga habatizwi kwa sababu hajaamini, kwamba maji hayaoshi dhambi bali ni ushuhuda wa moyo uliokwisha kugeuka, kwamba kanisa ni la walioamini wenyewe na kila mmoja ana mkono wake wa kupiga kura.

Baba yake Zipora, mzee Mageni, hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mtu wa ng'ombe. Pantaleo alipopeleka neno la posa, jibu lilikuwa fupi:

"Wazee wako wako wapi?"

"Wako mbali, baba. Hapa kanisa ndilo ukoo wangu."

"Basi kanisa lije liniambie kwamba wewe ni mtu wao. Lisiposema, Jilala wa Didia ameshaniuliza habari za binti huyu mara mbili."

Jilala alikuwa na wake wawili tayari. Kwa hiyo mambo yalisimama hivyo: kesho Jumapili kanisa lingempokea Pantaleo kwa barua yake, wanafunzi wa darasa, Zipora akiwamo, wangebatizwa, kisha wazee wangekwenda kwa Mageni. Barua ikikataa, Zipora angekuwa mke wa tatu Didia kabla mtama haujavunwa.

Alimkuta Pantaleo kwenye kibanda cha darasa, anapanga mabenchi.

"Mwalimu, nina swali."

"Leo unaniita mwalimu? Nimekosa nini?"

"Siku ile unayosema ulibatizwa Kiwira, maji yalikuwa baridi?"

Pantaleo aliinama akanyanyua benchi ambalo halikuhitaji kunyanyuliwa. "Baridi sana."

"Nani alikushika?"

"Mchungaji. Zipora, mbona..."

"Na kila mara Meza ya Bwana inapoandaliwa, kwa nini wewe huli? Mkate ukipita unasema unakwenda kumtazamia mzee mlango. Huo mlango una nini?"

Pantaleo aliliweka benchi chini. Midomo yake ikafunguka. Zipora akamwombea moyoni, sema, sema tu, mimi nitakusikia.

"Mtu lazima asimame mlangoni," akasema Pantaleo. "Kesho nitakula. Kesho tutakula pamoja."

Zipora aliondoka bila kumuaga. Njiani alilia kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Kanisa lile halikuwa na mto. Walibatiza katika lambo lililochimbwa kwa ajili ya ng'ombe, ukingoni mwa mashimo ya zamani ya dhahabu. Upande wa machweo chini hapakujulikana mwisho. Masika iliyopita ng'ombe mmoja aliingia kunywa upande ule na hakutoka. Asubuhi ile ya Jumapili maji yalikuwa meusi na yametulia, na watu waliongea kwa sauti za chini kama wako msibani.

Mageni alikuja. Alisimama mbali kidogo, fimbo begani, hajavua kofia.

"Mwangaluka, baba," Zipora akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nimekuja kusikia kama kijana wako ni mtu wa watu."

Mzee Bartholomeo mguu wake mmoja haukufaa tena kwa matope, kwa hiyo kanisa lilikuwa limeamua kwamba Pantaleo ndiye atakayeingia majini na kuwazamisha. Zipora alimtazama. Uso wa Pantaleo ulikuwa umepauka kama jivu, na macho yake hayakutoka kwenye yale maji.

Desturi yao ilikuwa hii: mwanafunzi anaulizwa maswali mbele ya wote, kisha anatoa ushuhuda wake mwenyewe, kisha washirika wananyosha mikono. Wawili wa kwanza walipita bila shida. Akaitwa Zipora.

"Je, ubatizo unaokoa?" Pantaleo akauliza. Sauti ilikuwa kavu.

"Hauokoi. Unashuhudia kwamba nimeokolewa."

"Mzazi anaweza kuamini kwa niaba ya mtoto wake?"

"Hawezi."

"Mchungaji anaweza?"

"Hawezi. Hakuna anayeweza. Kila mtu atasimama kwa miguu yake."

Mageni alikohoa. Mama Euphrasia alikuwa akimtazama Zipora moja kwa moja, wala hakupepesa.

"Toa ushuhuda wako, mwanangu," akasema Mzee Bartholomeo.

Zipora alikuwa ameukariri ushuhuda wake kwa wiki nzima.  Akafungua Biblia badala yake, akaitoa barua.

"Mzee, ushuhuda wangu ni kwamba jana nilikudanganya. Barua haikusema nilivyosoma. Niliogopa. Nitaisoma sasa, na Mama Euphrasia ampe mtu mwingine aitazame nikimaliza."

Akaisoma. Aliisoma yote, pole pole, mpaka ile "mtu ambaye hakuwa wetu".  Watu wote walikuwa wakimtazama Pantaleo.

"Ni kweli?" akauliza shemasi.

"Ni kweli."

"Hayo mafundisho uliyapata wapi?"

"Jikoni. Mchungaji alifundisha barazani, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mimi nakanda unga, nasikia. Miaka miwili nilisikia masomo yote, mpaka nikawa nawajibu wanafunzi moyoni kabla hawajajibu wenyewe. Na niliamini, mzee. Hapo sikudanganya."

"Kwa nini hukubatizwa?"

Pantaleo alielekeza kidole kwenye lambo. "Kaka yangu alizama Kiwira mbele ya macho yangu. Mara mbili mchungaji aliniita, mara mbili nilikimbia. Nilipofika hapa mkaniuliza kama nimebatizwa, nikaona haya, nikasema ndiyo. Wiki ile ile mkanipa darasa. Ningeanzia wapi kusema siyo?"

"Na leo ungewaingiza watu humo?" Mama Euphrasia akauliza. "Mtu asiyejua maji, katika lambo lenye shimo?"

"Ningeingia. Kwa ajili yake ningeingia."

"Na akiteleza ukamwachia?"

 Hilo Zipora hakuwa amelifikiria hata kidogo. Alikuwa ameficha barua ili apate mume, kumbe alikuwa karibu kuwapeleka wenzake shimoni.

Mzee Bartholomeo alisimama kwa shida. "Washirika, nauliza. Nani anaona ndugu huyu apokewe leo?"

Hakuna mkono.

"Nani anaona binti huyu abatizwe leo?"

Hakuna mkono. Mama Euphrasia alikuwa ameishika mikono yake miwili pamoja mapajani.

"Nani anaona wote wawili warudi darasani, waanze mwanzo, miezi mitatu?"

Mikono ikanyanyuka, wa Mama Euphrasia ukiwa wa kwanza. Ubatizo wa wengine nao ukaahirishwa, maana hapakuwa na wa kuwazamisha.

Mageni alitema mate pembeni. "Nimesikia. Hana wazee, na sasa hana kanisa. Ni mpishi mwongo. Zipora, twende nyumbani. Watu wa Didia watafika kesho asubuhi."

"Siendi, baba."

"Umesemaje?"

"Nimesema siendi. Umesikia hapa nikiulizwa kama baba anaweza kuamini kwa niaba ya mtoto. Kama hawezi kuniaminia, atawezaje kunipendea mtu? Jilala umempenda wewe."

Mageni alimkaribia mpaka Zipora akasikia harufu ya tumbaku. Hakuinua fimbo. Aliongea polepole, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Kesho nitakufuata, popote utakapokuwa. Nikikukuta na yule, ng'wanone, mwanangu, nitakayoyafanya usiniulize."

Akageuka akaenda zake.

Watu walipoanza kutawanyika Pantaleo alimfuata Zipora mbio.

"Tuondoke leo hii. Kuna lori la mgodi linakwenda Mwanza saa nane, dereva ni rafiki yangu. Mwanza hakuna anayetujua."

"Ndiyo. Hakuna anayetujua," akasema Zipora. "Utawaambia wewe ni nani?"

"Zipora, baba yako ataniua."

"Labda. Mimi jana nilikuuliza maji yalikuwa baridi, ukaniambia baridi sana. Nilikuwa na barua ndani ya Biblia, Pantaleo. Ungeniambia kweli, ningekufuata hata Rhodesia."

"Na sasa?"

"Sasa nakupenda vile vile, na siwezi kukuamini. Nenda Mwanza ukitaka. Kesho jioni kuna darasa."

Mama Euphrasia alikuwa amesimama nyuma yao na beseni lake kichwani. "Wewe binti, kwangu kuna kitanda. Utanisaidia kukoroga unga. Na usidhani nimekusamehe, bado nakutazama."

Jumatatu asubuhi Zipora alichoma vitumbua hadi vikaungua. Kila mbwa alipobweka alidhani ni baba. Mchana ukapita. Lori la Mwanza lilikuwa limeondoka jana yake, na hakuthubutu kumwuliza mtu yeyote nani alipanda.

Jioni zamu ilipotoka, jua likiwa bado kali, walikusanyika kibandani. Mzee Bartholomeo ndiye angefundisha, na Zipora asome aya, Mama Euphrasia akae kando yake na mjukuu mdogo wa mzee, aliyekuwa ameanza kusoma shuleni, wahakikishe. Ndivyo kanisa lilivyoamua. Benchi la wanafunzi lilijaa. Nafasi moja mwishoni ilikuwa tupu.

Pantaleo aliingia na nguo za kazi, mafuta mikononi. Hakumtazama mtu. Akakaa kwenye ile nafasi, kati ya wale aliokuwa akiwafundisha wiki iliyopita. Mmoja akacheka kidogo, akanyamazishwa. Zipora alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, hakufanya hata moja.

Wakati huo huo kivuli kikaanguka mlangoni. Mageni, na fimbo.

"Yule mpishi yuko wapi?"

 Mama Euphrasia akamshika Zipora mkono kwa nguvu. Lilikuwapo dirisha nyuma, na Pantaleo alikuwa mwepesi.

Akasimama. "Mpishi ni mimi, baba. Shikamoo."

Mageni alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa. Shikamoo ilining'inia pale muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Niliambiwa jana kuna lori."

"Lilikuwapo. Nilikwenda mpaka pale linapopakia."

"Kisha?"

"Kisha nikarudi."

Mageni alihamisha fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Alipoongea tena alimwelekea Zipora.

"Watu wa Didia wako kwangu tangu asubuhi. Jilala mwenyewe hakuja. Kamtuma mdogo wake aje kusema kwa niaba yake. Ndiyo desturi, hata mimi mama yako niliposewa na wajomba, sikuona ubaya. Lakini lile neno lako, kwamba baba hawezi kumpendea mtoto mtu, linanisumbua tangu jana. Nimewaacha wanakunywa, nimetoka."

"Umekuja kunichukua, baba?"

"Sijui nimekuja kufanya nini."

Alivua kofia. Akakaa kwenye ncha ya benchi, karibu na Pantaleo kuliko mtu mwingine yeyote alivyothubutu kukaa, akailaza fimbo juu ya magoti yake.

"Haya, fundisheni," akasema. "Nisikie mwenyewe."