Uzi wa Mshinda-moto

Enzi zile misafara ya pembe ilipokuwa ingali ikikata nyika, ikiacha shanga na baruti nyuma yake, mlima wa Kwasemba haukuwa na bunduki hata moja, na bado hakuna aliyethubutu kuupanda bila ruhusa. Siri yake ilikuwa ua. Msicheke! Ua la njano lenye koo jekundu, jamaa ya bamia, lililojiotea miteremkoni. Moto wa kiangazi uliliteketeza likawa majivu. Mvua iliporudi, nalo likachipua kutoka mzizini. Ndipo watu wakaliita mshinda-moto. Ganda la shina lake, likilowekwa na kusokotwa, lilitoa kamba ya upinde isiyolegea hata mbingu zikimwagika zote.

Mlezi wa miteremko hiyo alikuwa Nakiete, mjane mwenye ulimi mkali kuliko chembe cha mshale. Yeye ndiye aliyezikwaruza mbegu kwa mchanga kabla ya kuzifukia, maana zina ganda gumu kama moyo wa mkwe. Yeye ndiye aliyechoma nyasi kila kiangazi, mashina mapya yapate jua.

Basi Mfumwa Kisairo, mtawala wa mlima, akaamuru mimea yote ing'olewe ikapandwe ndani ya boma lake, adui asije akaiiba. Wazo lilikuwa la jemadari Msofe, shemeji yake Nakiete.

"Mfumwa, mzizi wa mmea huu umezama kuliko kaburi," Nakiete alisema barazani. "Ukiuhamisha, umeuua."

"Shemeji, hata kuku huhamishwa banda," akacheka Msofe, ngozi ya chui ikimcheza begani.

"Kuku ana miguu, shemeji. Nawe una kichwa, ila sijakuona ukikitumia."

Baraza zima likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza mjane. Mimea ilipokauka yote bomani, Msofe alisema, "Ameiloga." Kisairo, aliyeona heri mchawi kuliko kosa lake mwenyewe, akaamuru afukuzwe.

"Mmeua wenyewe, halafu maiti mnanitwika mimi!" Nakiete alifoka langoni. Hata wakwe zake, waliobaki na wajukuu zake, walitazama chini.

Akahamia pangoni, chini ya mteremko uliobaki mashimo matupu. Kiangazi kilipofika akachoma nyasi kama ada, kwa hasira tu, akiamini hakuna kitakachoota. Mvua za vuli ziliponyesha, mashimo yakachipua! Akafukua kwa vidole. Kumbe wachimbaji, walipokutana na mawe, waliikata mizizi katikati, wakampelekea Mfumwa vipande na kuapa kuwa ni mizima.

"Wavivu wakubwa!" alisema, akicheka huku machozi yakimtoka. Akakata mashina, akaloweka, akasokota.

Masika, Sagana, adui wa nyikani, akaja na jeshi kubwa hata vumbi lake lilikosa pa kutua. Alikuwa amepata habari kuwa pinde za Kwasemba sasa zilifungwa ngozi ya mbuzi. Akangoja mvua, kisha akapanda. Bomani kamba zikavimba, zikalegea, mishale ikaanguka miguuni mwa wenyewe.

Nakiete aliyasikia mayowe. Kinyongo kilimwambia akae. Lakini wajukuu zake walikuwa ndani. Akajizungushia kamba kiunoni hata akafanana na mzinga wa nyuki, akapanda genge la mawe kwa kucha, akamtokea Msofe ukutani.

"Pokea uchawi wangu, shemeji. Au ungoje ukauke?"

Msofe akapokea kwa mikono miwili, hakuthubutu kumtazama. Pinde zikafungwa upya, na mvua ile ile aliyoingoja Sagana ikawa sanda ya jeshi lake.

Usiku wa karamu, manju wa Mfumwa akafunga zeze lake kamba mpya ya mshinda-moto, akaanza kumsifu jemadari, aliyesokota umeme kwa mikono yake mwenyewe. Kisairo akatikisa kichwa kwa raha. Msofe naye hakukanusha. Nakiete akainuka, akapita katikati ya wazee bila kuomba radhi, akachomoa kisu.

"Hii nayo ni yangu," akasema, akaikata kamba ya zeze. "Sasa imba."

Akashuka mlimani kurudi kwenye maua yake, na hakuitwa tena akaitika. Wasimulizi wanasema wimbo wa ushindi wa Kwasemba haukupata kumalizwa kamwe. Kila aliyeuimba alifika pale pale, "Mso...", akafunga mdomo.