Asiyeonekana Haitikiwi

Purity ndiye aliyeiona kwanza. Ilikuwa Jumamosi baada ya adhuhuri, wanne wao wamo mchezoni, kila mmoja na simu yake kwake, na kando ya jina la Swafia ile taa ndogo ya kijani inayowaka mtu anapozungumza ikawaka, ikazimika, ikawaka tena.

"Swafia, leo umefungua maiki?" akauliza. "Nasikia mtu anapumua."

Swafia akatazama simu yake. Maiki yake ilikuwa imefungwa, imepigwa mstari mwekundu kama siku zote. Akaandika: *La. Si mimi.*

"Basi ni mtandao," akasema Kingi, na mchezo ukaendelea.

Kingi alikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo Kilindini, na kikosi chao alikiendesha kwa amri kama alivyoendeshwa yeye kazini. Odera, fundi wa friji, kazi yake ilikuwa kukimbilia mbele na kufa kwanza. Purity, muuza viatu wa Makupa, alikuwa na jicho la mwewe. Swafia ndiye mlenga shabaha, hodari kuwashinda wote watatu, ila tangu ajiunge nao hakuwahi kutoa neno. Alisikiliza, akaandika. Hawakuwahi kuonana, na hakuna aliyeijua sauti yake.

Siku hiyo, mchezo ulipokwisha, Kingi akatoa sheria. Mashindano ya pwani yalikuwa yanakaribia.

"Kuanzia Jumamosi ijayo kila mtu na maiki yake. Nikikuita jina, nisikie 'nipo'. Maandishi yanachelewa. Odera akimaliza kusoma 'nyuma yako', ameshakufa."

"Odera hufa hata bila kusoma," akasema Purity.

"Sitanii. Nani asome huku anapigwa risasi?"

"Watu wana sababu zao, Kingi. Huyu ana mtoto amelala, huyu ana mume mkali. Mimi nikicheza na wageni sifungui mdomo, maana wakishajua ni mwanamke, natukanwa mpaka ukoo wangu. Mtu anacheza vizuri, sauti yake ya nini?"

"Ya kumwamini," akajibu Kingi. "Miezi yote hii sijui kama nacheza na mtu au na nini. Asiyetaka kusema, nitatafuta mwingine."

Swafia akazima simu, na machozi yakamlenga. Kwa watu wengine ule ulikuwa mchezo tu. Kwake yeye ilikuwa saa pekee ya mchana aliyokuwa na wenzake.

Si kwamba alikuwa mtu wa kimya. Asubuhi alifundisha chekechea, na huko alikuwa kasuku. Watoto walimpenda kwa nyimbo zake, na wazazi walisema nyumbani hawalali bila ya kuziimba. Lakini kwao, Mji wa Kale, katika nyumba ya mawe ya wakfu ambayo haiuziki wala haihamiki, watu hawakuitana. Ukimtaka mtu, umfuate mpaka umwone uso, au ugonge ukuta. "Asiyeonekana haitikiwi," alifunzwa na bibi yake, Bi Mahfudha, kabla ya kufunzwa alifu.

Na shahidi wa hayo alikuwa amelala chumba cha ndani. Bi Zena, dada yake Bi Mahfudha, alikuwa kigoli siku aliposikia anaitwa kutoka ngazini, jua la utosi, akaitika kwa adabu kama alivyolelewa. "Labeka." Tangu siku hiyo hakusema tena, na sasa alikuwa kizee. Sauti yake ilibaki ngazini. Swafia mwenyewe alikuwa ameisikia mara chache, sauti ya msichana ikitaja jina la mmoja wao, na nyuma yake harufu ya udi uliozimwa kwa maji. Kila ilipoita, Bi Zena aligonga ukuta kwa fimbo yake, na kila mtu akafumba mdomo.

Ndiyo maana Swafia aliandika tu. Kuwaitikia asiowaona, ndani ya nyumba ile, ndilo jambo hasa alilokatazwa.

"Bibi," akamwambia Bi Mahfudha jioni ile, wakitazamana, "mtu akiniita kwenye simu, si yuko kwake huko?"

"Hiyo yenu watu wapiga kelele pamoja. Wajuaje ni nani akwitaye?"

"Nawajua kwa sauti zao."

"Na Zena alidhani yuwaijua."

Swafia alimwamini bibi yake, lakini upweke ni mshauri mbaya, na wiki nzima ulimshauri.

Jumamosi ikafika. Bi Mahfudha alikuwa kitini anavuta tasbihi, na barabarani joto lilikuwa limewafukuza hata paka. Swafia akavaa hedifoni.

"Odera."

"Nipo."

"Purity."

"Nipo, bosi."

"Swafia."

Akaufuta ule mstari mwekundu. "Nipo," akasema.

"Kumbe!" Purity akacheka. "Una sauti tamu hivyo, umetuficha miezi yote hii?"

Hakikutokea kitu. Ngazi zilikuwa kimya, na bibi yake alimtupia jicho la lawama tu. Wakacheza, wakashinda, wakashinda tena. Swafia akawa anawaelekeza, anawatania, anacheka kwa sauti ndani ya nyumba ambayo hajawahi kuchekea hivyo. Kingi alikuwa na haki, mambo yalikwenda upesi zaidi. Aliitwa akaitika, akaitwa tena akaitika, mpaka ulimi ukazoea kumjibu asiyeonekana. Bi Mahfudha akainuka kwenda kutia udhu wa alasiri, na Swafia hakumwona akitoka.

"Swafia." Sauti ya kike, changa, karibu na sikio.

"Labeka," akajibu, macho kwenye simu.

"Nani amekuita?" akauliza Purity.

"Si wewe?"

"Mimi sijasema kitu."

Hapo ndipo harufu ilipomfikia, ya udi uliozimwa kwa maji, ikaja polepole kutoka ngazini na kupita juu ya mkeka na kumpanda miguuni hadi puani, naye akavua hedifoni upande mmoja akasikiliza, akitarajia fimbo igonge ukuta kama ilivyogonga siku zote, na fimbo haikugonga, na kile kimya cha chumba cha ndani kikamtisha kuliko ile harufu, akafungua mdomo amwite bibi yake, sheria au si sheria, na kooni hakikutoka hata kikohozi.

Kisha kando ya jina lake, taa ya kijani ikawaka.

"Nipo," ilisema sauti yake katika hedifoni, ikicheka kama alivyokuwa akicheka. "Nipo hapa. Tuendelee."

Swafia alijishika midomo. Ilikuwa imefumbwa. Akaandika kwa vidole vilivyokosea herufi: *Si mimi huyo. Akiwaita msiitike.*

"Swafia, acha kuandika, sema tu," akasema Kingi kwa furaha. "Mimi mwenzio maandishi siyasomi."

"Kin..." ilianza ile sauti, na Swafia akaruka akaung'oa ukutani waya wa kisanduku cha mtandao. Siku ile hakufikiri mara mbili. Aliwaokoa wenzake, na tuliweke hilo upande wake.

Chumba cha ndani mtu akasema, "Mahfudha, nipa maji."

Ilikuwa sauti ya msichana. Bi Mahfudha, uso ungali na maji ya udhu, alikuja mbio akasimama mlangoni pamoja na Swafia. Bi Zena ameketi kitandani, mvi zimemwagika mabegani, akilia kwa sauti ya kigoli.

"Niwie radhi, mwanangu," akamwambia Swafia. "Niliisikia ikikwita. Fimbo nilikuwa nayo mkononi."

Wakamleta Maalim Abdulghafur. Akasoma, akafukiza ubani nyumba nzima, akasoma tena mpaka naye sauti ikamkauka. Mwishowe akamvuta Bi Mahfudha kando, wala hakujua kwamba Swafia yuko nyuma ya pazia.

"Huyu hatoki," akanong'ona. "Ila hashiki sauti mbili. Akipata nyingine huiachilia ya kwanza. Kwa hivyo, Bi Mahfudha, mgeni asiingie humu."

Swafia akarudi shuleni akijaribu. Watoto walikaa wakangoja wimbo, naye akasimama mbele yao anafungua mdomo na kuufumba, mpaka mmoja akaanza kulia. Mwalimu mkuu akamwambia kwa huruma akapumzike kwanza. Akapumzika, na darasa lake likapewa mwingine.

Nyumbani Bi Zena hakunyamaza. Alisema tangu alfajiri mpaka usingizini, na Swafia alimchukia, alimchukia hasa, huku akimlisha uji. Mchana alikaa chini ya ngazi kusikiliza. Sauti yake ilikuwa huko juu, inaimba nyimbo za watoto wake, na haikukosea hata neno moja.

Siku moja baada ya alasiri, Bi Mahfudha amempeleka dada yake zahanati, mlango ukapigwa hodi. Walikuwa kijana mrefu mwenye boksi la halua na mwanamke mnene mwenye macho makali. Swafia aliwajua walipofungua midomo tu.

"Uliwahi kutuandikia unakofundisha. Shuleni wametuambia sauti imekupotea tangu Jumamosi ile, wakatuelekeza huku," akasema Purity, akamkumbatia.

Kingi alisimama kizingitini hajui aweke wapi mikono. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akitafuta neno la kuanzia.

Swafia alimtazama kwa kitambo. Kisha akasogea, akawapisha.

Wakaketi. "Ni mimi niliyekulazimisha," Kingi akasema, ameinamisha kichwa. "Kila siku najiuliza. Kama kuna jambo la kufanya urudi kusema, niambie nilifanye."

Simu ya Swafia ilikuwa mkononi mwake. Angeweza kuwaandikia mara ile, maneno machache tu. Alijiambia mgeni hukirimiwa kwanza, atawaandikia baada ya kahawa, akaenda jikoni.

Kahawa ilipochemka, aliisikia harufu ya udi uliozimwa. Akapanga vikombe kwenye sinia, akaibeba kwa mikono miwili, akafika mlangoni nyuma ya migongo yao.

"Kingi," ikaita sauti yake kutoka ngazini, safi, yenye bashasha.

Kingi akainua kichwa. Uso wake ulijaa furaha ambayo Swafia hajaiona kwa mtu tangu kupatwa na msiba wake. Sinia ilikuwa mikononi. Angeiangusha, na mshindo wa vikombe vile sakafuni ungetosha kumziba mdomo, kama fimbo ukutani. Alilijua hilo. Akawaona watoto wake wameketi wanangoja wimbo, na vidole vyake vikaikaza sinia, visiiachie.

"Nipo," akaitika Kingi.

Midomo yake ikaendelea kucheza, na hakukuwa na kitu ndani yake. Akajishika koo. "Kingi?" Purity akamtikisa bega. "Kingi, una nini?"

Swafia akaja akaiweka sinia mezani polepole. Kahawa haikumwagika hata tone.

"Niwie radhi, Kingi," akasema, na sauti ilikuwa yake.