Moshi Ambao Haukuwapo

Shuleni walimwita Chumvi, naye hakulichukia jina hilo. Alikuwa msichana wa darasa la sita mwenye sauti kama kengele na mikono isiyotulia. Kila alasiri, wenzake wakisubiri kuchukuliwa, yeye aliketi juu ya ukuta mfupi kando ya lango akasimulia. Paka akipita darasani, kwa Chumvi alikuwa chui. Mwalimu akipiga chafya, kwa Chumvi madirisha yalitikisika. Wenzake walijua anazidisha, lakini walisogea karibu wamsikilize, maana chakula kisicho na chumvi hakinogi, na hadithi vilevile.

Mama yake alikuwa mkunga katika zahanati ya mtaa wao. Jioni aliwazungukia wanawake waliojifungua ili aangalie hali zao na za watoto. Kwa miaka mingi mizunguko hiyo aliifanya kwa miguu, begi begani, jua lake na mvua yake. Mwaka huo ndipo alipofanikiwa kununua gari. Lilikuwa dogo, la buluu, jipya kabisa, na viti vyake bado vilikuwa na nailoni za kiwandani.

"Mama, tuzitoe basi. Zinaninata miguuni," Chumvi alinung'unika.

"Ziache, mwanangu. Nimepanda magari ya watu maisha yangu yote. Niache ninuse upya wa langu," mama alijibu huku akicheka.

Siku moja mama alimpitia Chumvi shuleni akiwa na sanduku kubwa la vifaa na mzani wa kupimia watoto. Chumvi aliketi mbele kama kawaida. Alikivuta kiti chake mbele kabisa ili sanduku lipate nafasi nyuma yake, akafunga mkanda, wakaondoka.

Walipofika njia panda karibu na kituo cha mafuta, dirisha la upande wa Chumvi lilishuka lenyewe. Kabla hajasema neno, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, kwii, kwii. Kisha indiketa zote zikawaka na kuzimika pamoja, na injini ikafa. Nyuma yao honi zililia kama kundi la bata.

"Jamani, gari langu!" mama alisema, akiushika usukani kwa mikono miwili.

Chumvi alikirudisha kiti nyuma apate nafasi ya kushuka. Vijana wa kituo cha mafuta walikuja wakalisukuma gari hadi pembeni. Baada ya muda mama alijaribu tena kuliwasha. Liliwaka mara moja, likanguruma kwa utulivu.

"Gari jipya, mashetani mapya!" kijana mmoja alisema, na wote wakacheka. Mama naye alicheka, ila kicheko chake hakikufika machoni.

Kesho yake walikwenda kwenye karakana ya wakala aliyewauzia gari. Sakafu yake ilisuguliwa ikang'aa, na kila spana ilining'inia mahali pake ukutani. Msimamizi wa karakana, mwanamke mwenye kalamu iliyochomekwa nyuma ya sikio, aliwapokea kwa heshima.

"Gari lenu bado lina dhamana," alisema. "Tatizo lolote la umeme ni letu. Ngoja nimwite fundi."

Fundi umeme alikuwa mtu mnene, mpole, aliyetembea kana kwamba sakafu ina mayai. Wenzake walimwita Polepole.

"Shikamoo, Fundi," Chumvi alimwamkia.

"Marahaba, binti. Haya, mama mkunga, nieleze. Kitu gani kilitangulia? Dirisha au waipa?"

"Kusema kweli sikumbuki. Macho yangu yalikuwa barabarani. Muulize huyu, alikuwa kando yangu."

Wote walimgeukia Chumvi. Alianza vizuri. Alisema dirisha lilitangulia, zikafuata waipa, halafu indiketa, mwisho injini. Fundi aliitikia kwa kichwa taratibu. Lakini hakuna aliyeduwaa. Hakuna aliyesema, "Ehe, ikawaje?" Msimamizi alikuwa akiangalia simu yake. Chumvi aliona hadithi yake inapoa kama chai iliyosahauliwa mezani, na ulimi ukamponyoka.

"Halafu moshi ukatoka chini ya usukani! Mweusi tii!"

Msimamizi aliinua uso. Mama aligeuka. "Moshi? Mbona mimi sikuuona?"

"Si ulikuwa unaangalia barabara, Mama?"

Fundi Polepole alikunja uso. "Moshi si mchezo," alisema. "Gari libaki hapa. Siwezi kuwaacha mwende nalo."

Gari lilibaki karakana siku kadhaa, na mama akarudia kutembea kwa miguu. Huku nyuma fundi alifungua usukani, akafungua dashibodi, akapapasa waya mmoja baada ya mwingine akitafuta ulioungua. Hakupata alama nyeusi wala harufu. Aliunganisha kompyuta ya kupimia magari, nayo haikuonyesha hitilafu. Alilizungusha gari mitaani peke yake, likaenda bila kukohoa.

Mama na Chumvi walipokwenda kulichukua, fundi alikuwa akijikuna kidevu.

"Gari linakwenda," alisema, "lakini mimi sijaridhika. Moshi hautoki pasipo moto, na moto hauachi kitu bila doa."

"Kompyuta inasema gari ni zima, Fundi," msimamizi alimkumbusha.

"Kompyuta inasema ilichoulizwa," fundi alijibu.

 Chumvi alikuwa na maneno ulimini: hakukuwa na moshi. Lakini aliwatazama watu wazima watatu waliohangaika kwa ajili yake, akayameza.

Jumamosi iliyofuata alikuwa zahanati pamoja na mama yake. Mchana aliletwa mwanamke aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Mama alimpima, akatoka chumbani uso ameukaza.

"Mtoto amekaa vibaya," alimwambia mama mkwe wa mgonjwa. "Lazima tumpeleke hospitali kubwa, na gari la wagonjwa limetoka. Twendeni na langu."

Walimlaza mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama mkwe wake. Chumvi alikivuta kiti chake mbele ili miguu ya mgonjwa isibanwe. Walikwenda vizuri, mpaka walipoanza kupanda mlima wa kuelekea hospitali. Dirisha la Chumvi likashuka. Waipa zikaanza, kwii, kwii. Injini ikafa.

Safari hii hakuna aliyecheka. Mgonjwa aliguna kwa maumivu, na mama mkwe akapiga kelele, "Tusaidieni jamani! Mtoto wa watu huyu!"

Mama alivuta breki ya mkono, akashuka, akasimama katikati ya barabara na koti lake jeupe, mikono ameitanua. Gari la kusambaza mikate lilisimama mbele yake kwa kishindo. Dereva hakuuliza maswali mengi. Aliteremsha kreti zake tupu, akasaidia kumbeba mgonjwa.

"Nimeshawapigia simu karakana, wanakuja," mama alimwambia Chumvi, huku akimwonyesha mwenye duka la kando ya barabara. "Kaa hapo kwa mama huyu, usiondoke." Kisha gari la mikate likapanda mlima na kutoweka.

Mwenye duka alimpa Chumvi kigoda na maji ya kunywa. Hakuweza kuyanywa. Alifikiria fundi alivyoinama siku zile zote akitafuta kitu ambacho hakikuwapo. Alifikiria mkono wa mgonjwa ulivyokamata nailoni ya kiti ukaichana. Machozi yalimtoka bila sauti.

Gari la kuvuta lilipofika, Fundi Polepole alishuka mwenyewe. Chumvi alimfuata kabla hajafungua boneti.

"Fundi, nina neno." Sauti yake ya kengele ilikuwa imekwisha. "Siku ile hakukuwa na moshi. Niliuongeza tu."

Fundi aliiacha boneti. Hakumkemea.

"Kwa nini leo unaniambia?"

"Kwa sababu yule mama anaweza kufa."

Fundi alichutama ili macho yao yalingane. "Umefanya vizuri kusema, tena bila kushurutishwa. Sasa niambie kilichokuwapo. Hata vitu vidogo visivyo na ladha. Hasa hivyo."

Chumvi alifumba macho akakumbuka. Alieleza taratibu, akikataa kila neno lililotaka kunenepa. Mara zote mbili dirisha lililotangulia lilikuwa la upande wake. Mara zote mbili yeye alikuwa amekaa mbele, na kulikuwa na mzigo au mtu nyuma yake.

"Kwa hiyo nilikuwa nimekivuta kiti mbele. Basi, hakuna kingine."

"Subiri. Umesema umekivuta kiti?"

Fundi aliona kiti bado kimesogezwa mbele. Alikirudisha nyuma, akawasha gari. Liliwaka. Akainama, akakivuta kiti mbele mpaka mwisho, akakitikisa. Kwii, kwii, waipa zikaanza, na injini ikazimika. Akakirudisha nyuma tena, akawasha. Injini ikanguruma.

"Ala!" alisema kwa mnong'ono. "Na mimi nilikuwa nikilizungusha peke yangu, kiti hiki hakina mtu!"

Alilala chali sakafuni mwa gari, tochi mdomoni, akachungulia chini ya kiti. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika. Alimwomba mama ruhusa kwa simu, akalifunga gari nyuma ya lile la kuvuta, wakaenda karakana pamoja na Chumvi.

Jioni mama alifika karakana akitokea hospitali. Alikuwa amechoka, lakini alitabasamu. "Amepasuliwa salama. Mtoto wa kike, ana sauti kuliko sisi sote."

Chumvi alimkumbatia, akashindwa kumwachia.

Fundi Polepole aliwaita mama na msimamizi kwenye gari. Kiti kilikuwa kimeshatolewa. Alionyesha waya mmoja mwembamba uliopita juu ya reli ya kiti. Ganda lake la plastiki lilikuwa limechunika, shaba ikaonekana.

"Huu ni waya wa king'ora cha wezi," alieleza. "Kiti kikisogea mbele, reli inaubana, na gari likitikisika shaba inaigusa reli, umeme unapiga shoti. Vioo na waipa vinachanganyikiwa, na king'ora kinadhani gari linaibwa, kinazima injini."

"Huenda kiwanda ndicho kilichokosea," msimamizi alisema upesi.

"Si kiwanda." Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa michafu. "King'ora tulikifunga hapa kabla ya kuliuza gari. Waya huu niliupitisha mimi kwa mkono wangu. Ulipaswa kupita chini ya zulia. Nilikosea."

 Mafundi wengine waliacha kazi zao. Chumvi alimtazama yule mtu mnene aliyesimama wima mbele ya mkubwa wake, na akajua kwamba angeweza kuufunga waya ule kimya kimya, na hakuna ambaye angejua.

"Yule mama angeweza kufia njiani," mama alisema.

"Najua, mama mkunga. Ndiyo maana sitaki kuficha. Kuna magari mengine niliyoyafungia king'ora kama hiki."

 Msimamizi alichukua simu. "Tutawaita wenye magari hayo yote, tuanze leo. Na gari hili lisiondoke mpaka nilikague na mimi." Aligeuka kwa fundi. "Ahsante kwa kusema."

 Zamu ya Chumvi ilikuwa imefika. Alimweleza mama yake habari ya moshi, mbele ya watu wote, bila kupunguza. Mama alimsikiliza huku uso wake ukizidi kuwa mgumu.

"Fundi," Chumvi alimalizia, "ningesema kweli tangu mwanzo, ungejua mapema. Kosa ni langu."

"Moshi wako ulinipoteza njia," fundi alijibu. "Lakini mkono uliopitisha waya ni wangu. Kila mtu abebe mzigo wake, binti. Usinibebee wangu."

Usiku ule walirudi nyumbani na gari, waya ukiwa umebadilishwa na kupitishwa chini ya zulia, na msimamizi akiwa amelikagua. Walipofika mama alizima gari, lakini hakushuka.

"Unajua daktari aliniuliza nini leo?" alisema. "Aliniuliza mgonjwa ametokwa na damu kiasi gani. Ningezidisha ili anione nina habari kubwa, angetibu ugonjwa usiokuwapo, na wa kweli ungemuua mtu. Kusimulia ni kipaji, sikukatazi. Lakini mtu akikuuliza ili apate kusaidia, mpe ulichokiona kwa ukubwa wake uleule."

"Nimekuelewa, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na kesho tutakwenda hospitali wote wawili, umwombe msamaha yule mama."

Chumvi aliitikia kwa kichwa. Kisha aliuliza, "Na Fundi Polepole, je? Bado utampelekea gari lako?"

"Yeye, wala si mwingine," mama alisema. "Fundi asiyekosea sijawahi kumwona, wala mkunga asiyekosea. Lakini mtu anayelitaja kosa lake akiwa peke yake anayelijua, huyo, mwanangu, namkabidhi gari langu na kulala usingizi."