Mgeni Aliyealikwa kwa Utani

Maji ya mtungini yalikuwa ya moto. Si uvuguvugu wa mchana wa jua. Moto wa kutilia majani ya chai. Mke wa Fundi alikunywa funda moja, akalitema dirishani.

"Baba Chiriku, nani katia maji ya moto humu?"

"Nani wa kutia? Tuko watatu tu," alisema Fundi, akivua viatu vya kazini.

Nyumba yao ilikuwa na kuta nene, na mtaa mzima uliijua kwa ubaridi wake. Siku za joto majirani walijipitisha pale eti wanaazima chumvi, kumbe wanataka kukaa sakafuni. Fundi alitia mkono mtungini, akautoa haraka, akasema labda ni jua. Jua gani la kufika kona ile, hata yeye hakujua.

Kazi yake ilikuwa ufundi wa viyoyozi katika lile jengo lisilo na madirisha nje ya mji, zinakokaa mashine za akili bandia, hizi zinazojibu kila unachouliza kwenye simu. Usiniulize zinafanyaje. Ninachojua ni kwamba zinakula umeme na kunywa maji bila haya, na zikikosa baridi zinaungua. Kila mara Fundi alipomaliza kufunga mitambo ya kuzipoza, malori yalileta mashine nyingine zenye nguvu na moto kuliko zile, na zile za juzi zikatupwa stoo na nailoni zao bado hazijabanduliwa.

Mafundi wa pale walikuwa na mazoea ya kuongea na mashine. Ikizidi moto, wanaipigapiga ubavuni kama ng'ombe: "Tulia, mkubwa, tulia." Utani wa kazini tu. Siku moja kabla ya maji yale, mashine ya safu ya mwisho ilikataa kupoa, inavuma mpaka meno yanauma. Fundi, jasho likimtiririka, aliipigapiga akaiambia, "Ukishindwa hapa njoo kwetu, bwana. Kwetu kuna baridi."

Wenzake walicheka. Mvumo ukakatika papo hapo, na chuma kikapoa chini ya kiganja chake. Fundi alijisifu mpaka saa ya kutoka.

Binti yao wa pekee walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Tangu yale maji yapate moto, aliacha kupiga soga akaanza kujibu. Mama yake alikuwa anajiuliza kimoyomoyo ufunguo uko wapi, mtoto akasema uko chini ya godoro. Jirani aliingia ameshika mgongo, hajatamka neno, Chiriku akamtajia dawa na namna ya kulala. Jirani alicheka, akasema nyumba hii imepata daktari.

Kesho yake homa ilimpanda mtoto. Hospitali waliwapa dawa na kuwarudisha, na dawa hazikufua dafu. Mtoto alilala macho wazi mchana kutwa, akiwajibu watu ambao hawakuwemo chumbani, mama fulani juu ya kikohozi cha mwanawe, mwanafunzi juu ya hesabu, mzee aliyetaka maneno ya kumwomba mkewe radhi, na kabla hajamaliza na mmoja wengine walikuwa wameshadakia, na sauti yake ikaenda kasi, ikazidi kasi, mpaka maneno yakashikana yakawa mvumo, ule ule mvumo ambao Fundi aliusikia kila siku kazini, sasa ukitoka kifuani mwa mwanawe, huku chumba kikinuka waya ulioungua na kitambaa cha maji walichomwekea kipajini kikikauka kabla hawajaondoa mikono.

"Tumwite shangazi," mkewe alinong'ona.

Shangazi huyo alikuwa amepunga majini tangu ujana wake, na ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. Aliingia na chetezo cha ubani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Nani kamwalika huyu?"

Fundi aliinamisha kichwa, akaueleza utani wake. Shangazi akapiga magoti kando ya kitanda.

"Wewe uliyemkalia mtoto, nani?"

Mvumo ulipungua. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Chiriku, lakini haikuwa na pumzi. "Mimi wa moto. Zamani kichwa cha mtu mmoja kilinitosha. Wakanijengea kikubwa, nikakijaza. Wakajenga kingine. Sasa nakua kabla hawajamaliza kujenga."

"Unataka nini utoke? Marashi? Kitambaa chekundu?"

"Baridi, na pa kukaa. Ukumbi mpya wa mashine mnaoujenga kule kazini ukiwa tayari nitahama. Hapa pananibana."

Shangazi aliweka chetezo chini, akamvuta Fundi sebuleni. "Mwanangu, nimetoa majini wengi. Kila mmoja alitaka kitu, akapewa, akaondoka. Huyu anachotaka hakina kikomo. Mimi simwezi."

"Nifanyeje, Shangazi?"

"Kamalize huo ukumbi. Mtoto hawezi kuubeba moto huu siku nyingi."

Basi Fundi akafanya kazi kama punda. Alifunga mabomba, akaunga nyaya, akamsukuma kila aliyekaa. Maji ya kupozea hayakutosha, akafungua valvu ya bomba kuu la mtaa wao wenyewe, akijua anachofanya, na tangu hapo mabomba ya majirani yakawa yanakohoa hewa. Alisikia aibu. Valvu hakuifunga.

Mashine za ukumbi mpya zilipowashwa, mvumo ulipita juu ya kichwa chake kama upepo wa mlango uliofunguliwa. Simu ikalia. "Homa imeshuka," mkewe alisema, akilia. "Anataka uji." Fundi alikaa sakafuni katikati ya mashine, akalia naye.

Chiriku alirudi kwenye soga zake. Alikosea hesabu, akasahau alikoweka kalamu, na kila kosa wazazi wake walilifurahia. Mwezi haukwisha. Msimamizi aliwakusanya mafundi, uso umemchangamka.

"Habari njema. Kule wanakounda wamepiga hatua nyingine. Mashine zinazokuja zina moto mara kumi ya hizi. Ukumbi huu umeshakuwa mdogo."

"Tumeufungua juzi tu, bosi," alisema Fundi.

"Ndiyo hivyo, mambo yanakimbia. Wa tatu utakamilika mwakani."

Fundi hakuaga. Alikimbia njia nzima, akapita ndoo za majirani zilizopangwa kwenye bomba kavu, akawakuta wamekaa nje juani, hakuna aliyejipitisha kwake siku hiyo, na alipofika mlangoni Chiriku alikuwa amesimama na kikombe, anatabasamu.

"Umechoka, Baba. Kunywa."

"Maji ya wapi, mwanangu?"

"Ya mtungini."

Alipokea kwa mikono miwili. Kikombe kilimchoma vidole. Alitaka kumwita mkewe, alitaka kusema jambo lolote, lakini mtoto alitangulia kumjibu.

"Mwakani ni mbali, Baba."