Kahawa ya Wageni na Somo la Ermira

Nyumbani kwa mzee Petrit, mjini Pogradec, kahawa haikauki. Jirani akigonga mlango, mkamwana husimama. Huchemsha kahawa, huipanga kwenye sinia pamoja na peremende na glasi za maji, kisha huanza kumpa aliye mkubwa kwa umri. Mkamwana wa nyumba hiyo ni Ermira. Hata akiwa amempakata mtoto, husimama.

Mwaka huu Ermira hatulii. Mumewe, Ardit, yuko Ugiriki, anapaka rangi nyumba za watu. Aliondoka binti yao Kejsi akiwa bado ananyonya. Sasa Kejsi ana miaka mitatu, na baba anamjua kwenye simu tu.

"Ukipata ile kazi ya hoteli, narudi mwezi huohuo," Ardit alimwambia mkewe.

Hoteli ya kando ya ziwa ilitaka mtu wa mapokezi. Usaili ungekuwa kwa Kiingereza, baada ya wiki tatu.

Ermira akajiunga na darasa la mwalimu Teuta. Yeye hufundisha kwa njia mbili. Jumanne na Ijumaa wanafunzi hukutana darasani na kuzungumza. Siku nyingine hujifunza kwa simu: husikiliza, hurudia kwa sauti, hujibu maswali. Alama humfikia mwalimu papo hapo.

Siku ya kwanza Ermira alifungua somo. Mara mlango ukagongwa.

"Ermira, wageni!" akaita mama mkwe wake, Vjollca.

"Wifi, somo langu litakatika," Ermira alimnong'oneza Bleona, mdogo wake Ardit, aliyekuwa anasoma chuo.

"Lete simu hapa, mvivu wewe! Nenda kakoroge kahawa."

Bleona alimaliza somo kwa dakika tano. Alama tisini na nane! Kesho yake ikawa vivyo hivyo. Mzee Petrit akawa anawaonyesha wageni simu. "Mkamwana wangu huyo! Waingereza wenyewe watakuja kujifunza kwake."

Ijumaa, mwalimu Teuta alitazama zile alama, akampa Ermira mazungumzo magumu: mgeni wa hoteli amekasirika, chumbani kwake hakuna maji ya moto. Ermira akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alirudi nyumbani haraka haraka, kama mtu anayefukuzwa. Siku zilikuwa zinakwisha.

Jumapili mwalimu Teuta, anayekaa ghorofa ya chini, alipanda kuja kunywa kahawa. Alimkuta Ermira amefungua somo. Ermira akainuka kwenda jikoni. Bleona, kwa mazoea, akachukua simu.

Baada ya muda mfupi, simu ya mwalimu ililia mkobani. Teuta akaitazama: alama za Ermira zimeingia. Kisha akamtazama Ermira, aliyesimama mlangoni na sinia.

"Ermira, mwenzetu una mikono mingapi?"

Bleona akawa mwekundu mpaka masikio.

"Mwalimu, sisi ni nyumba moja," mzee Petrit alijitetea. "Tunasaidiana."

"Mzee wangu, ukiumwa, unampelekea daktari mkojo wa jirani?"

Vjollca alicheka mpaka akashika mbavu.

"Makosa ya Ermira ndiyo yananiambia nimfundishe nini darasani," Teuta alieleza. "Mkiyaficha, namfundisha Bleona. Na Bleona hanihitaji."

"Na nikikosa kila kitu?" Ermira aliuliza.

"Kosa tu. Simu haichoki wala haikucheki. Rudia mara kumi, sauti itoke. Mimi nitaanzia pale ulipokwama. Simu peke yake haiwezi kuzungumza nawe kama mgeni. Na mimi siku mbili hazinitoshi. Unahitaji dakika arobaini kila siku, mlango umefungwa."

"Na kahawa je?" Vjollca aliuliza. "Wageni watasemaje?"

Mzee Petrit alijikuna kidevu.

"Mwanangu nimemkosa vya kutosha," akasema. "Sinia nitabeba mimi."

"Wewe, baba? Hata sukari hujui iko wapi!" Bleona alishangaa.

"Utanionyesha, mwenye mikono mingi."

Kesho yake Ermira alipata alama arobaini na moja. Alilia kidogo, akarudia. Hamsini na tano. Darasani, Teuta alianzia pale pale alipokosea. Nyumbani, Bleona aliruhusiwa kazi moja tu: kuwa mgeni mkali, baada ya somo. "Maji ya moto yako wapi?" alifoka kwa Kiingereza, na Kejsi akacheka chini ya meza.

Siku ya usaili, swali la tatu Ermira hakulielewa. Safari hii hakunyamaza.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza, "naomba urudie polepole."

Msaili akarudia. Ermira akajibu, akakosea, akajirekebisha, akaendelea. Kazi akaipata.

Mwisho wa mwezi Ardit alishuka kwenye basi na begi lenye madoa ya rangi. Kejsi alijificha nyuma ya mama yake. Aliposikia sauti ya baba yake, akachungulia.

"Ni yule wa kwenye simu!" alipiga kelele, akamkimbilia.

Majirani walijaa sebuleni. Ermira, kwa mazoea, akasimama.

"Kaa na mumeo," alisema mzee Petrit. Sinia lilikuwa tayari mikononi mwake, na nusu ya kahawa ilikuwa visosini. "Na usisahau, saa kumi una somo."