Inchi Mbili za Fundi Cherehani

Asubuhi ile fundi cherehani alikuwa na raha zake. Sare za shule zilijaa mezani, na binti yake wa miaka kumi na mmoja, waliyemwita Kiherehere kwa kuwa hakupitwa na jambo, alishona vifungo huku akiwasengenya wateja. Baba akamwita ampime suruali ya michezo. Akazungusha futi kwenye goti la kulia, akaandika. Akazungusha kwenye la kushoto, akarudia mara tatu. Lilizidi kwa inchi mbili.

"Linauma?"

"Siku nyingi. Mama alisema nimeteguka nikiruka kamba."

Hospitalini walipiga picha, wakatoa kinyama kidogo wakakipima, na majibu yakaja: saratani ya mfupa. Daktari wa upasuaji hakumung'unya maneno. Kwanza dripu za dawa kali kwa wiki kumi, kisha upasuaji, kisha dawa tena.

"Wengine tunatoa mfupa tu, tunaweka chuma, mguu unabaki," alisema. "Kwa huyu, uvimbe umezingira mshipa mkubwa wa damu. Tutakata juu ya goti. Haujafika mapafuni, mzee. Watoto wanaotibiwa hivi kabla haujasambaa, wengi wanapona."

Fundi alikubali dripu. Hilo la kukata akaliweka kiporo.

Nywele za Kiherehere zilinyonyoka, midomo ikachubuka, akatapika mpaka nyongo. Lakini kila Jumapili baba alimpima goti, na inchi mbili zikawa moja na nusu, kisha moja, kisha nusu. Wiki ya kumi futi ilionyesha magoti sawa. Mwanamume mzima akalia kwa furaha.

"Amepona," akamwambia mkewe. "Tumkate mguu kwa lipi?"

"Baba watoto, daktari alisema dawa zinausinyaza uvimbe tu. Uliobaki hauonekani kwa macho."

"Miaka ishirini napima watu, leo nifundishwe kupima? Na msichana wa mguu mmoja ataolewa na nani?"

Hapo ndipo, ndugu zangu, ukweli ulipochungulia. Futi ilikuwa kisingizio kizuri. Bwana huyu aliogopa macho ya watu. Na mtoto mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote.

"Baba, wakate tu. Mimi nashona kwa mikono, sishoni kwa miguu."

"Nyamaza! Haya ni mambo ya wakubwa."

Siku ya upasuaji kitanda kilibaki kitupu. Daktari alipiga simu mara nne. Muuguzi akaja mpaka kibandani, fundi akamwambia mtoto amesafiri, kumbe yuko nyuma ya pazia la kujaribia nguo, ameamriwa asitoe sauti. Mama alikuwepo na alinyamaza. Naye ana fungu lake katika kisa hiki.

Miezi mitano baadaye Kiherehere alikohoa damu juu ya shati jipya la mteja. Goti lilikuwa limefumuka, ngozi imepasuka, na harufu yake iliwakimbiza majirani wale wale ambao baba aliogopa macho yao.

Daktari aliinua picha ya kifua kwenye mwanga. Madoa yalitapakaa mapafu yote mawili.

"Kata, daktari," fundi alisema, amepiga magoti sakafuni. "Kata hata yote miwili."

"Tutaukata ili maumivu yapungue, mzee. Kumponya, hapana. Wakati ule umepita."

Wakaukata. Kiherehere alipozinduka alipapasa shuka, akakuta mahali pa mguu ni patupu, akatabasamu.

"Baba, umekubali! Kwa hiyo sasa nitapona?"

Fundi akamjibu ndiyo. Walimzika wiki ya tatu.

Funzo

Uvimbe kupungua si ugonjwa kuisha. Dawa za saratani ya mfupa hufungua njia, na upasuaji humaliza kazi. Ukiacha kimoja umevitupa vyote. Mtoto akilalamika mfupa wiki baada ya wiki, mpeleke akapigwe picha, usisingizie michezo. Na ukiambiwa mguu ukatwe, muulize daktari maswali yako yote, lia ukitaka, kisha umpeleke siku ile ile aliyopangiwa. Usimfiche mtoto wako nyuma ya pazia kwa kuwaonea watu aibu. Watu hao watakuja msibani, watakunywa chai, na watarudi makwao kulala na watoto wao.